Kamera shuleni: tuwafundishe kuona kabla ya kubonyeza

Injili ya Marko, sura ya 8 kuanzia mstari wa 22, ina muujiza usiofanana na mingine. Yesu amefika Bethsaida, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, nyumbani kwa kina Petro na Andrea. Watu wanamletea kipofu. Anamshika mkono, anamtoa nje ya kijiji, anamtemea mate machoni na kumwekea mikono, kisha anamuuliza kama anaona chochote. Yule mtu anasema anaona, ila watu anaowaona wanafanana na miti inayotembea. Yesu anamwekea mikono mara ya pili, na hapo ndipo anaona vizuri, mpaka vilivyo mbali.

Wahubiri wengi hupita haraka katika sehemu ile ya kwanza. Huenda wanaona haya kueleza kwa nini Bwana aliweka mikono mara mbili. Lakini yeyote aliyewahi kushika kamera anaijua hali ile ya katikati. Mwanga umeingia, rangi zipo, maumbo yanasogea, na bado huwezi kusema huyu ni nani. Kuona kumeanza, ila uso haujapatikana.

Ndugu msomaji, leo tunazungumzia jambo lisilozoeleka katika ukurasa wa Jumapili. Ni kufundisha upigaji picha wa kidijitali katika shule za sekondari, hasa shule za Mbinga na za mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay na kuteremka Chiwindi mpakani. Msimamo wetu tunausema mapema: ufundishwe. Ila ufundishwe kwa namna itakayomfikisha kijana kwenye ule mguso wa pili, asiishie kwenye watu walio kama miti.

Tuanze na hali ilivyo. Sheria za shule zetu nyingi zinamkataza mwanafunzi kuwa na simu. Akikamatwa nayo anasimamishwa masomo, na si mara moja tumesikia simu zikipondwa kwa nyundo mbele ya paredi ili wengine waogope. Hatulaumu nia ya walimu, maana wanajua simu inavyokula usiku wa mwanafunzi wa bweni. Lakini likizo ya Juni inafika, kijana anarudi nyumbani Litembo au Lundo, na kabla hajanywa maji ameshika simu ya kaka yake. Simu ile ina kamera nzuri kuliko zile walizokuwa nazo wapiga picha wa magazeti miaka 25 iliyopita. Hakuna aliyemfundisha namna ya kuitumia. Shule imemfundisha kitu kimoja tu kuhusu chombo hicho, kwamba kinafichwa.

Chombo kinachofichwa hutumiwa kwa siri, na siri ya vijana wenye kamera tunajua inakoelekea. Tutalifikia hilo.

Nafasi ya kufundisha ipo. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa kidato cha kwanza Januari 2024 umeleta mkondo wa amali, ili mwanafunzi amalize shule akiwa na kazi mkononi. Shule isiyo na mkondo huo ina klabu za jioni. Kamera inaweza kuwa mali ya shule, ikatunzwa ofisini kama vinavyotunzwa vifaa vya maabara, ikatolewa kwa saa maalumu na kusainiwa. Mwanafunzi hahitaji kumiliki chochote. Na kazi ipo: harusi, ubatizo, komunyo ya kwanza, kipaimara, mahafali, picha za pasipoti, vikao vya vyama vya ushirika vya kahawa, wageni wanaoteremka Mbamba Bay kwa barabara ya lami. Mpiga picha mwenye adabu na ujuzi halali njaa katika mji kama Mbinga.

Wapo watakaosema hiyo ni anasa, watoto hawana hata madawati. Tuwajibu kwa mfano wa kijana mmoja wa Dar es Salaam. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam ambako baba yake alihamia kikazi. Akiwa bado mvulana wa shule alipata kamera ya boksi iliyokwishatumika, akajiunga na chama cha wapiga picha cha shule yake ya sekondari, na humo akajifunza kazi ya chumba cha giza. Hakwenda chuo kusomea picha. Mwaka 1984 ndiye aliyekuwa nyuma ya kamera kule Korem, Ethiopia, pamoja na mtangazaji Michael Buerk wa BBC, na Oktoba 23 mwaka huo dunia ikaona njaa ambayo ilikuwa haijaamua kuiangalia. Misaada iliyofuata iliokoa watu wengi mno. Mwaka 1991 alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akarudi kazini na mkono wa bandia, na akafa Novemba 1996 katika ndege iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro.

Yote hayo yana mzizi katika klabu ya shule. Mwalimu aliyekuwa akiwafungulia vijana chumba kile cha giza hakuwa na namna ya kujua.

Siku hizi chumba cha giza hakipo. Mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak, Marekani, alitengeneza kamera ya kwanza ya kidijitali. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi, picha yake ilikuwa na pikseli 10,000 tu, nyeusi na nyeupe, na ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti. Leo simu ya bei ya chini kabisa inayouzwa sokoni Mbinga ina mamilioni ya pikseli na picha inahifadhiwa kabla hujashusha mkono. Urahisi huo umeleta baraka na umeleta ugonjwa. Enzi za filamu, mkanda ulikuwa na picha 24 au 36, na kuusafisha kulikuwa na gharama, kwa hiyo mpiga picha alimwangalia mtu kwanza. Sasa kijana anapiga 200 harusini na hajamwangalia hata mmoja. Tungemshauri mwalimu wa klabu awape wanafunzi wake picha 24 kwa wiki, basi. Akizimaliza Jumatatu, atakaa na kamera isiyopiga hadi Jumatatu nyingine. Watalalamika wiki mbili za kwanza.

Sasa tuingie kwenye somo lenyewe, maana upigaji picha kwa asili ya jina lake la Kigiriki ni kuandika kwa mwanga, na mwanga wa Ruvuma una mambo yake.

Ukisimama ufukweni Mbamba Bay, ziwa liko magharibi na milima iko mashariki. Jua linachelewa kidogo kutokea kwa sababu ya milima, na jioni linazama majini upande wa Malawi. Mwanafunzi akimpiga picha mvuvi jioni, ziwa likiwa nyuma ya mvuvi, atapata machweo mazuri ya rangi ya chungwa na mtu mweusi tii asiye na macho wala mdomo. Picha za namna hiyo zimejaa kwenye kalenda. Mgeni huzipenda. Lakini mtoto wa yule mvuvi akiiona hawezi kusema kama ni baba yake au ni jirani. Akirudi asubuhi, mvuvi akiwa amelipa ziwa mgongo anapanga nyavu zake, jua la upande wa milima linamwangaza usoni, na ziwa nyuma yake linakuwa la buluu. Kamera ni ileile na mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba mpiga picha ameamka mapema na kujiuliza mwanga unatoka wapi.

Kuna jambo zito zaidi hapo. Kamera haijui uso ni nini. Inapima mwanga wote ulio mbele yake na kutafuta wastani, kijivu cha katikati. Ikiona anga jeupe na maji yanayong'aa, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na wa kwanza kupotea ni mtu mwenye ngozi nyeusi. Hata enzi za filamu, viwanda vya Ulaya na Marekani vilipanga rangi zao kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke wa kizungu kama kipimo. Waliopiga picha za darasa zenye watoto weupe na weusi wanakumbuka matokeo. Kwa hiyo mwanafunzi wa Liuli asipofundishwa kuikatalia kamera, kuiambia kwa kitufe kile cha kuongeza na kupunguza mwanga kwamba hapa uso ndio muhimu na si anga, atakuwa anawapoteza watu wake kila siku na kudhani ndivyo walivyo.

Mwanzo 1:27 inatufundisha kwamba binadamu, mume na mke, ameumbwa kwa sura ya Mungu. Tunaimba na kuhubiri hivyo. Basi kujifunza kutoa uso wa bibi wa Kimatengo ukiwa na mikunjo yake yote, bila kuufanya doa jeusi na bila kuusugua kwa programu mpaka uwe mweupe kama wa mtu mwingine, ni kazi inayokaribia sala. Na hili la programu za kulainisha ngozi lizungumzwe darasani waziwazi. Binti wa miaka 16 anayejisahihisha uso kila siku kabla ya kuuonyesha kwa watu anahitaji mwalimu wa kumwambia neno.

Juu milimani Mbinga somo ni jingine. Ngoro za Wamatengo, yale mashimo ya mraba yanayofuatana kwenye miteremko mikali, ni kilimo kilichohifadhi udongo tangu enzi za mababu. Nyasi hufyekwa na kupangwa kama dirisha lenye nondo, kisha udongo hufukiwa juu yake, na maji ya mvua badala ya kuporomosha mlima yanatulia shimoni. Ukizipiga picha saa sita mchana, jua likiwa utosini, unapata kilima cha kahawia kisicho na habari. Subiri saa kumi na moja jioni, jua liwe pembeni, kila ukuta wa ngoro utupe kivuli chake, na mlima mzima unasomeka kama ukurasa wa daftari. Mwanafunzi aliyelisubiri jua namna hiyo amejifunza kuwa mvumilivu, na njiani amejifunza pia kwamba kazi ya bibi yake ni akili na si ushamba. Hapo mwalimu wa jiografia na mwalimu wa klabu wanaweza kwenda pamoja.

Usiku nao una darasa lake. Usipa huvuliwa usiku kwa taa, na kutoka ufukweni taa zile huonekana kama mji uliotuama juu ya maji. Kamera ya simu ikilazimishwa kuona gizani inajaza picha chembechembe, kwa sababu inakuza kila kidogo inachopokea, pamoja na makosa. Dawa yake ni kuiweka juu ya jiwe au mtumbwi uliopakiwa mchangani, iache kutetemeka, na kuiruhusu ikusanye mwanga kwa sekunde kadhaa. Ni rahisi. Linahitaji mtu wa kuonyesha mara moja tu.

Tuseme sasa lililotufanya tuandike.

Watu wa mwambao huu na wa milima hii wamepigwa picha kwa zaidi ya miaka 100, na wengi wao hawajawahi kuziona picha hizo. Wamisionari wa UMCA walikuja ziwani wakiwa na kamera zao. Wabenediktini wa St. Ottilien, waliofungua Peramiho mwaka 1898 na kisha Kigonsera, nao walipiga picha. Tunawashukuru, kwani bila wao tusingejua babu zetu walivaa nini wala makanisa ya kwanza yalijengwaje. Lakini kumbukumbu za UMCA zimehifadhiwa Oxford, Uingereza, na za Wabenediktini zilipelekwa Bavaria, Ujerumani. Na ukisoma maelezo yaliyoandikwa chini ya picha za wamisionari wa zama hizo, popote Afrika, mara nyingi utakuta padre ametajwa jina, askofu ametajwa jina, hata meli imetajwa jina. Aliyesimama pembeni ameandikwa mvulana wa misheni, au mwanamke wa kijijini. Alikuwa na jina. Alibatizwa kwa jina. Aliyempiga picha huenda ndiye aliyembatiza.

Tusiwahukumu wote kwa kapu moja. William Percival Johnson, aliyefika nchi za Ziwa Nyasa mwanzoni mwa miaka ya 1880 na kuzikwa Liuli mwaka 1928, alipoteza jicho moja kwa ugonjwa na la pili likabaki na nguvu kidogo. Alitembea ufukwe huu kwa miguu miongo mingi katika hali hiyo, akatafsiri Biblia katika Kinyanja, na wazee wa Liuli waliomzika walimwona kuwa mtu wao. Huyo hakuwa na macho ya kumtosha mpiga picha yeyote. Wapo wenye macho mawili mazima waliopita Liuli siku moja wakaondoka na picha mia.

Swali letu basi ni hili: leo kamera iko mkononi mwa mtoto wa Liuli mwenyewe. Je, atafanya vizuri kuliko wageni? Hakuna uhakika. Tukimwangalia anavyotuiga sisi wakubwa, kuna sababu ya kuogopa.

Tazama tunavyotoa sadaka. Kikundi cha kanisa kinakwenda kumtembelea mjane, kinabeba kilo tano za unga, sabuni na mafuta. Kabla mzigo haujatua, mama yule anasimamishwa katikati, anaambiwa aushike mfuko vizuri jina la kikundi lisomeke, anaambiwa atabasamu. Jioni picha iko kwenye makundi ya WhatsApp kuanzia Mbinga hadi Dar es Salaam, na watoto wake wanaulizwa shuleni. Mathayo 6 inasema wazi kuhusu sadaka na tarumbeta. Sisi tumebadilisha tarumbeta tu. Wafadhili wa mbali nao wana sehemu yao katika hili, kwa sababu wanadai ripoti yenye picha, na picha wanayoitaka ni ya mtoto mwenye kamasi na nzi, si ya mtoto yuleyule akicheza mpira. Mashirika ya Kikristo hayajapona ugonjwa huu.

Au tazama tunavyofanya kwenye ajali. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lililipuka Msamvu, Morogoro, watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Kabla ndugu hawajajua nani amekufa, picha za miili na za majeruhi wasio na nguo wala ngozi zilikuwa zimefika kila kona ya nchi, pamoja na kwenye simu za watoto. Aliyezipiga alikuwa amesimama karibu kiasi cha kuweza kumfunika mtu kwa shati lake.

Mwanzo 9 inasimulia kisa cha Nuhu aliyelala uchi hemani mwake. Ham aliona, akatoka nje kuwaambia wengine. Shemu na Yafethi walichukua vazi, wakatembea kinyumenyume wasimwone, wakamfunika. Tunajua kisa hiki kilivyotumiwa vibaya kuhalalisha utumwa wa watu weusi, na tunayakataa mafundisho hayo kabisa. Lakini kisa chenyewe, kikisomwa kama kilivyo, kinafaa sana katika zama za kamera. Kosa la mwanzo halikuwa macho kuangukia kitu, bali ni kutoka nje na kusambaza. Na heshima ya wale wawili ilionekana kwa miguu iliyorudi nyuma. Mwalimu wa picha anayetaka somo moja la maadili kwa muhula mzima, achukue hilo.

Hapa ndipo tunapofikia lile la siri. Kila mkuu wa shule anajua kisa cha msichana aliyepigwa picha na aliyemwamini, kisha picha ikawa kamba ya kumvutia. Atume nyingine, atoe fedha, akubali atakalo mtu, la sivyo shule nzima itaona. Wapo walioacha masomo kwa sababu hiyo, na wapo waliotaka kujitoa uhai. Halafu shule inaitisha kikao na kumfukuza msichana. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kusambaza picha za ngono kuwa kosa, na adhabu huwa kali zaidi aliyepigwa akiwa mtoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Wanafunzi wetu hawajui haya. Wangeyajua lini, na kwa nani, ikiwa kamera haitajwi shuleni isipokuwa siku ya msako?

Darasa la picha lingekuwa mahali pa kuyasema bila kunong'ona, wavulana na wasichana wakiwa wamekaa pamoja, mwalimu akiwa na kamera mezani. Mvulana aliyezoeshwa kwa muhula mzima kuomba ruhusa kabla ya kubonyeza, na kufuta mbele ya mtu aliyebadili mawazo, ana kitu ndani kitakachomsumbua siku marafiki zake watakapomwambia atume. Hatusemi kitamzuia kila mara. Tunasema kitakuwepo.

Ruhusa hiyo haihitaji fomu kijijini. Utamaduni wetu tayari una mlango wake. Kijana anafika, kamera ikiwa imening'inia kifuani imezimwa, anaamkia: shikamoo bibi. Bibi anaitika marahaba mwanangu, anamuuliza ni wa nani, na kijana anataja ukoo wake. Wanazungumza mambo ya mahindi na mvua. Ndipo anasema naomba nikupige picha, ni kwa ajili ya klabu yetu ya shule, nitakuletea nakala. Bibi akikataa, anashukuru na kukaa dakika nyingine kumi asionekane amekuja kwa ajili ya picha tu. Akikubali, kijana anaandika kwenye daftari jina lake, kijiji chake, kazi aliyokuwa akiifanya na tarehe. Picha isiyo na mistari hiyo minne mwalimu asiisahihishe. Hospitalini haipigwi picha ya mgonjwa, na mtoto hapigwi bila mzazi kujua. Hayo ni machache na mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuyashika.

Turudi kidogo Bethsaida. Tumezoea kuangalia mikono ya Yesu machoni pa yule mtu, tukasahau kwamba alianza kwa kumshika mkono na kumtoa kijijini. Watu waliomleta walikuwa wanataka kuona. Kama kungekuwa na kamera siku ile, zingekuwa zimeinuliwa zote. Bwana alimwondoa mbele yao. Alipomaliza alimtuma nyumbani kwake na kumwambia asipitie kijijini. Muujiza mkubwa kama ule, na aliuficha ili mtu yule asigeuzwe kuwa tamasha. Yule mtu alipofungua macho vizuri, watu wa kwanza kuwaona hawakuwa umati.

Yapo majimbo na madhehebu yanayomiliki shule katika eneo hili, Wakatoliki wa Jimbo la Mbinga, Waanglikana wa Ruvuma na wengineo. Hatuwaombi maabara ya kompyuta. Kamera moja iliyotumika, betri mbili, kadi mbili za kumbukumbu na mwalimu mmoja mwenye moyo vinatosha kuanzisha klabu ya wanafunzi 15. Pale ambapo umeme hukatika, sola inayowasha taa ya sakristia inatosha kuchaji betri. Kitakachogharimu zaidi ni kuprinti, na tunasisitiza kisikatwe kwenye bajeti. Picha inayobaki ndani ya kadi haijamfikia mwenyewe.

Na kazi ya kwanza ya klabu hiyo tunaijua. Nenda msibani popote Ruvuma. Jeneza limefika, shada limewekwa, na ndugu wanahangaika kutafuta picha ya marehemu ya kuweka mbele. Mzee ameishi miaka 80, na picha pekee inayopatikana ni ile ndogo ya kitambulisho cha kupigia kura, au imekatwa kwenye picha ya harusi ya mjukuu, na bega la mtu mwingine linaonekana pembeni. Inakuzwa mjini usiku huo kwa bei ya haraka, inarudi asubuhi ikiwa na ukungu, na waombolezaji wanapita mbele ya sura ambayo hakuna anayeitambua vizuri.

Parokia au mtaa wa kanisa utangaze Jumapili moja kwamba wazee wote wanaopenda wabaki baada ya ibada ya kwanza, wavae wanavyopenda wenyewe. Kiti kimoja kiwekwe chini ya mwembe ulio jirani na kanisa, kwenye kivuli kisicho na madoa ya jua, uso ukielekea upande ulio wazi. Wanafunzi wawili wanatosha kwa kila mzee, mmoja wa kamera na mmoja wa daftari. Kwa dakika tano kila mmoja, wazee 12 wanamalizika kabla kengele ya ibada ya pili haijapigwa, na nakala zao, moja ya mzee na moja ya kumbukumbu za parokia, zinaweza kuwa zimerudi kutoka studio ya Mbinga mjini Jumapili inayofuata.